Vizuri, Wifi

"Sema tena," Talat alisema.

"Vaif."

"Siyo vaif. Waif. Kusanya midomo kama unapoza chai."

Mehnaz akakusanya midomo, akapuliza, akacheka, na neno la Kiingereza la kumtaja mke likatoka vilevile kama lilivyotoka mara zote: vaif. Alikuwa amekaa mkekani juu ya paa, sinia la dengu mapajani, anachagua mawe. Kiurdu kina herufi moja pale ambapo Waingereza wana mbili, na mtu aliyekua na hiyo moja sikio lake haliipati tofauti. Talat alilijua hilo. Alifundisha madarasa ya chini katika shule moja ya binafsi hapo hapo mtaani kwao Liaquatabad, Karachi, na kila mwaka alipokea watoto wenye midomo ya namna hiyo.

"Na lile la shule?"

"Iskul."

"Mbele hakuna 'i', wifi. Anza na mluzi. Sss."

"Nikianza na mluzi, mtaa mzima utasema mke wa Kashif anaita wanaume."

Wakacheka wote wawili. Mtihani wenyewe haukuwa wa kuchekesha. Mke asiyeweza kuzungumza Kiingereza kidogo mbele ya mtahini hakupewa viza ya kumfuata mumewe Uingereza, na Kashif, mume wa Mehnaz na mdogo wake Talat, alikuwa Leicester, akipakia magari katika ghala la kiwanda cha mikate. Baada ya harusi alikaa na mkewe mwezi na kitu, akarudi kazini, na tangu hapo ndoa yao ilikuwa ya simu. Mehnaz alitaka kujiunga na akademi ya Kiingereza iliyo karibu na soko. Kashif alikataa. "Mwalimu yumo ndani ya nyumba, unataka kwenda kumlipa wa nje?" Na Talat mwenyewe alisema, "Niachieni mimi."

Sauti ikapanda kutoka chini, nzito na ya kukwama. "Mehnaz."

Alikuwa Bi Anjuman, mama yake Talat na Kashif. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mzima wa kulia, mkono, mguu na nusu ya mdomo. Mehnaz ndiye aliyemwosha, akamlisha, akamgeuza ili mgongo usifanye vidonda. Talat akijaribu, mama yake alifumba macho na kusema, "Mwite Mehnaz."

Mehnaz akaweka sinia chini, akashuka ngazi huku akipuliza hewa, "Wa, wa, wa," kama mtu anayejaribu kuwasha jiko la mkaa.

Ijumaa Kashif alipiga simu ya video wakati nyumba nzima imekaa kwenye kitanda cha mama.

"Haya, mwanafunzi," akasema. "Niambie kwa Kiingereza umepika nini leo."

Mehnaz akajifuta mikono. Alisema amepika wali na mboga, na neno la mboga, ambalo safari hii lilitaka meno yaguse mdomo, yeye akalikusanyia midomo kwa bidii yote aliyofundishwa. "Wejitebo."

Nyuma ya Kashif kulikuwa na wanaume anaoishi nao. Mmoja akarudia, "Wejitebo," akiivuta sauti, na chumba kikaangua kicheko. Kashif naye akacheka. Alikuwa na haya kidogo usoni, lakini alicheka.

"Dada, unamfundisha nini huyu?"

"Anajitahidi," Talat akasema.

"Ajitahidi zaidi. Huku si Liaquatabad."

Mehnaz alivuta ushungi ukamfunika mdomo, na mpaka simu ilipokatwa hakuuondoa. Kesho yake alikuwa akifua na kunong'ona, meno juu ya mdomo, midomo mbele, meno juu ya mdomo, mpaka mdomo wa chini ukawa mwekundu.

Mama mdogo Sarwat alikuja Jumatano, na kwa jinsi alivyopanga ushungi wake kabla ya kukaa, Talat alijua amekuja na habari. Aliingoja chai kwanza.

"Yuko Hyderabad," akasema. "Anaitwa Zubair. Ana duka la bangili za kioo. Mkewe alifariki, hakumwachia mtoto. Alikuona kwenye harusi ya kina Furqan, na dada zake wamekuulizia mara mbili."

Talat alikuwa na umri ambao washenga hawabishi tena hodi. Akaanza kukusanya vikombe vilivyokuwa bado vina chai.

"Wanataka mambo yaishe baada ya Idi Kubwa," Mama mdogo Sarwat akaendelea. "Wana neno moja tu. Hawataki bibi harusi wa nusu, wa kupanda basi kila wiki kuja Karachi kumwosha mama. Nikawaambia msiwe na shaka, mkaza mwana yupo, na mikono yake ni ya dhahabu."

"Na Mehnaz akienda kwa mumewe?"

Mama mdogo akachovya biskuti, akaingoja ilainike. "Akienda, itabidi mtu abaki. Hilo sina haja ya kukueleza." Kisha akaongeza, kama anayesema kitu cha kumpoza, "Lakini nasikia mtihani wao huo ni mgumu. Wengi wanaanguka."

Alasiri ile Mehnaz alimngoja juu ya paa na maelezo ya nyumba yao, aliyoyapanga mwenyewe akipika. Nyumba ina vyumba viwili. Nyumba ina paa. Nyumba ina mlango wa mbao. Neno la mbao akalisema kwa ile herufi ya Kiurdu, wazi kabisa: vud.

Talat akafungua mdomo. Chini mtaani muuza matango alikuwa akinadi, na upepo wa baharini, uliochoka kwa kupita majengo mengi, ulitikisa shuka kambani.

"Vizuri, wifi," akasema.

Mehnaz akaduwaa. "Kweli?"

"Vizuri sana."

Hakuwa amepanga. Kama mtu angemuuliza wakati ule, angesema amechoka, watoto wa shule wamemmaliza. Lakini kesho yake alichoka tena, na keshokutwa. Baada ya hapo akabadilisha njia: aliyatunga majibu yeye, Mehnaz akayakariri kwa mfuatano kama watoto wanavyokariri kaswida. Familia kwanza, kisha nyumba, kisha chakula, kisha hali ya hewa. Talat alijua mtoto aliyekariri huwaje swali likibadilishwa nafasi. Aliwaona kila siku, wakisimama darasani na macho yamewatoka. Alijua, na baadaye hilo ndilo ambalo hakuweza kulitafutia jina lingine.

Mehnaz hakuwahi kuwa na furaha kama siku zile. Aliyaimba majibu yake akikanda unga, aliyaimba akiukanda mkono uliokufa wa mama mkwe wake. Kashif alipopiga alimwambia, "Dada amenisifu," na akamwomba waongee Kiurdu tu, Kiingereza atakisikia siku atakayoshuka kwenye ndege.

Siku ya mtihani walikwenda kwa bajaji, Mehnaz akiwa amevaa suti yake ya Idi, iliyopigwa pasi umeme ulipokuwepo. Ofisi ilikuwa ghorofani, upande wa Clifton, na mlangoni mlinzi aliwaambia msindikizaji abaki nje. Mehnaz akamshika Talat mkono.

"Wifi, niambie ukweli. Niko tayari?"

Kulikuwa na wanawake wengine pale, na mama zao na kaka zao, na mmoja wao aligeuka kuwatazama.

"Uko tayari," Talat akasema.

Mehnaz alitoka mapema kuliko ilivyotarajiwa. Walishuka ngazi, na bajaji ilikuwa imekwisha kupita daraja ndipo Mehnaz akaanza.

"Ni mzee, Mwingereza, mpole. Aliniuliza hali ya hewa. Nikamjibu familia."

"Kwa nini familia?"

"Kwa sababu familia ndiyo inayoanza." Alisema hivyo bila lawama, kama mtu anayemkumbusha mwenzake njia ya kurudi nyumbani. "Aliningoja mpaka nikamaliza. Akauliza mume wangu anafanya kazi wapi. Nikamwambia ghala. Akasema, samahani? Nikarudia. Akasogeza kiti, akategesha sikio, samahani? Nikarudia tena. Alikuwa na adabu, wifi. Angenikemea ningepata nafuu."

Dereva akapiga honi, akamtukana mwenye pikipiki.

"Nililisema kama tulivyokuwa tukilisema," Mehnaz akasema. "Kwa ile sauti uliyoisifu."

Talat akatazama barabara.

Majibu ya mtihani yalipokuja hayakuwa ya kushangaza, lakini Kashif alishangaa kwa sauti, simu ikiwa wazi, na mama yake anasikia. "Hata mke wa mwenzangu Naveed, wa kijijini, aliyesomea msikitini tu, amefaulu. Nimewaambia nini watu wa hapa? Nimekwisha kutafuta chumba." Kisha akasema polepole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko makelele, "Pengine ukae tu huko umtunze mama. Hiyo kazi unaiweza."

"Usimlaumu Dada," Mehnaz akasema. "Kichwa changu ndicho kizito."

Talat alikuwa jikoni akiosha mchele. Alisikia hatua nyuma yake, akafungua bomba zaidi, ingawa maji yenyewe yalikuwa ya kununua kwa lori na kila mtu nyumbani aliyabana.

"Nisamehe, wifi," Mehnaz akasema. "Nimekuaibisha. Watu watasema huyu mwalimu gani."

"Usiseme hivyo."

"Ulipoteza alasiri zako zote kwangu."

Talat aliendelea kuosha. Maji yalikwisha kuwa maangavu, punje zilionekana moja moja, na bado mkono wake ulikuwa ukizunguka ndani ya sufuria.

Baada ya hapo Mehnaz aliacha masomo. Talat alimwambia waanze upya, akamjibu kwa heshima, "Basi, wifi, tusichoshane." Akaanza kuogopa hata yale maneno ya Kiingereza ambayo Kiurdu kiliyameza zamani, ambayo muuza mkaa na mfagiaji wanayasema bila kujua yametoka wapi. Akitaka bilauri alionyesha kwa kidole. Mtoto wa jirani alipomuuliza Dada Talat yuko wapi, Mehnaz alikwama pale neno la shule lilipotakiwa kutoka, kisha akasema, "Yuko kazini."

Huku mambo ya Hyderabad yakasonga. Dada zake Zubair walikuja na vikapu vya matunda, wakamwona Bi Anjuman, wakamwona Mehnaz akimwinua na kumfuta, wakatazamana na kuridhika. Mmoja akamwambia Talat sikioni, "Una bahati ya wifi." Na Mehnaz ndiye aliyeshona nguo za harusi, kwa kuwa alikuwa akishonea majirani na mkono wake ulijulikana.

Ilikuwa katika kupima. Talat amesimama katikati ya chumba, kitambaa chekundu kimemshukia mpaka miguuni, Mehnaz amepiga magoti akikunja pindo, pini midomoni. Mama alikuwa amelala chumba cha pili.

"Wifi," Talat akasema. "Kichwa chako si kizito."

Mehnaz akatikisa kichwa bila kuinua macho.

"Nisikilize. Nilikuwa nasikia. Kila ulipokosea nilisikia, nikakwambia vizuri. Na yale majibu, nilijua hayatakufikisha popote."

Mehnaz hakuweza kusema, mdomo umejaa pini. Alizitoa moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kitambaa cha magoti yake.

"Tangu lini?"

"Tangu Mama mdogo alipokuja na habari hii." Talat akagusa kile kitambaa chekundu.

"Siku ile ya mlango wa mbao," Mehnaz akasema. Alikuwa akiikumbuka, na ilionekana anaipitia upya yote, kituo kwa kituo. "Siku ile nilikuwa na furaha mpaka nikaunguza chapati."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza pale mlangoni. Kama niko tayari."

"Uliniuliza."

"Nilikuomba ukweli."

Talat alitamani apigwe, au angalau atukanwe. Machozi yalikuwa yakimshuka, na aliyaona ni aibu nyingine, kana kwamba anaomba ahurumiwe yeye.

"Geuka," Mehnaz akasema. "Upande wa kushoto haujakaa sawa."

Talat akageuka. Mehnaz alimaliza pindo lote, kwa mishono midogo na iliyonyooka kama kawaida yake, akakata uzi kwa meno, akainuka, akapanda juu kuanua nguo. Hakushuka mpaka adhana ya magharibi.

Jumapili, mbele ya Bi Anjuman, alitoa habari bila kuomba ruhusa. "Kuanzia kesho nakwenda akademi, baada ya adhuhuri. Fedha nimelipa mwenyewe, za kushona. Mama atahitaji mtu wa kukaa naye."

"Nitakaa mimi," Talat akasema.

Hiyo ilikuwa na maana aache masomo ya ziada aliyokuwa ameanza kufundisha alasiri, na akaacha. Ilikuwa na maana nyingine pia, ya harusi kungoja, ambayo Mama mdogo Sarwat aliielewa kabla haijamalizwa kusemwa. "Wangoje?" akauliza. "Mwanangu, yule ni mwanamume anayekula kwa majirani tangu mwaka jana. Hawangoji hao." Na kweli hawakungoja. Kabla ya Idi zilifika habari kwamba wamepata msichana huko huko Hyderabad. Talat aliikunja ile suti nyekundu, akaiweka chini ya mablanketi. Alitazamia kulia, akangoja, kilio hakikuja. Akaenda kupasha moto maji ya kumwoshea mama.

"Mwite Mehnaz," Bi Anjuman alisema.

"Mehnaz hayupo, Mama. Nipo mimi."

Mehnaz alifanya mazoezi yake peke yake juu ya paa, akijirekodi kwa simu na kujisikiliza. Sauti ilishuka kwa ngazi mpaka chumbani. Talat, akiwa na bakuli mkononi, alisikia neno likikosewa, likikosewa tena, kisha limekaribia, kisha limefika. Hakupanda. Nyumbani walisemeshana yaliyohitajika: chumvi, dawa, gesi imekwisha.

Mtihani wa pili Mehnaz alikwenda peke yake, na alifaulu.

Kashif alifurahi mpaka sauti ikakatika. "Dada," akasema, simu ikiwa katikati yao wote, "wewe ni mwalimu kweli. Safari hii umemnyoosha."

Talat akamtazama Mehnaz. Mehnaz alikuwa akimenya kitunguu saumu, na aliendelea kumenya.

"Ndiyo," Mehnaz akasema. "Dada amenifunza mengi."

Uwanja wa ndege walikumbatiana, maana ndugu na majirani walikuwa wanawatazama. "Ile dawa ya mchana," Mehnaz akamwambia begani, "mpe na maziwa, tumbo lisimchome." Hakusema lingine. Akasukuma toroli lake, akaingia.

Nyumba ikabaki na watu wawili. Talat aliyaona majuma ya mwanzo kama adhabu yake na akayapokea hivyo, mpaka siku moja, kwa kuchoka, akamwambia mdogo wake kwenye simu kwamba asubuhi anapokuwa shuleni mama hana mtu. Kashif akasema yeye atamlipa mtu. Wiki ile ile mjane wa ghorofa ya chini akaanza kuja, mama mwenye nguvu na maneno mengi, na Bi Anjuman akamzoea.

"Mbona hukuniambia zamani?" Kashif alikuwa ameuliza. "Nisingekataa."

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Wote walikuwa wamehesabu wanawake wa nyumba na kuona kwamba mmoja lazima afungwe.

Mehnaz alipiga simu kila Ijumaa, akaongea na mama mkwe wake. Talat akipokea, alisema, "Salamu alaikum, nipatie Mama."

Alasiri moja Talat alikuwa akimlisha mama yake wali uliopondwa na dengu. Bi Anjuman akaufunga mdomo, kijiko kikabaki hewani.

"Yule mtoto," akasema, kwa yale maneno yake ya kujikokota. "Mara ile ya kwanza. Hakuanguka kwa kosa lake."

Talat alidhani Mehnaz amesema.

"Nilimwomba Mungu aanguke," mama yake akasema. "Kila swala. Nilisema, nani mwingine atanigeuza? Ulikuwa unakwenda Hyderabad, yeye anakwenda Ulaya, nikajiona niko peke yangu na nzi. Nikaomba, na akaanguka. Na mumewe akamtukana hapa mbele yangu, na yeye akanifuta uso. Tangu hapo nikiinua mkono kuomba, naogopa."

Ingewezekana kunyamaza. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kuupokea mzigo huo, na umri wake ulikuwa umebaki mfupi wa kuubeba. Talat alirudisha kijiko bakulini.

"Haikuwa dua yako, Mama," akasema. "Nilikuwa mimi."

Akamweleza, kwa maneno machache, kwa kuwa hayakuwa mengi. Bi Anjuman alisikiliza huku mate yakimtoka upande mbovu wa mdomo, na Talat aliyafuta bila kuacha kusema.

"Anajua?"

"Anajua."

"Ulimwambia mwenyewe?"

"Nilimwambia."

"Akakujibu nini?"

"Aliniambia nigeuke, amalize pindo."

Bi Anjuman alifumba macho. Kisha akasema, macho bado yamefumbwa, "Langu mimi halijui. Aliniosha mpaka asubuhi ya safari, na hajui." Akayafumbua. "Nipe simu."

"Leo si Ijumaa, Mama."

"Nipe."

Mkono wake wa kushoto haukuwa na nguvu ya kuishika, kwa hiyo Talat akapiga, akamwekea sikioni. Ikalia muda mrefu, huko mbali. Halafu sauti ya Mehnaz ikatoka, ina wasiwasi, na nyuma yake kuna mvua au magari. "Mama? Kuna nini?"

Talat akatafuta kwa macho kitu cha kuegemeza simu kwenye mto ili aondoke chumbani.

"Kaa," mama yake akamwambia. Na Talat akakaa pembeni ya kitanda, mkono umenyooka, akiwashikia simu.